Kitumbua cha Kunywa

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na jikoni hakuwa mtu wa mbwembwe. Alipika ili tule, basi. Lakini mkesha wa Krismasi alifunika cherehani kwa kanga, akaloweka mchele, akatoa chuma chake cha vitumbua chenye mashimo saba, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia. Asubuhi, kabla hatujaenda kanisani, nyumba yetu ya Mkuyuni ilinukia iliki na mafuta ya moto, na sahani zilizofunikwa vitambaa zikaanza kuteremka mawe ya kilima kuelekea kwa majirani. Nazi alizinunua kwa ajili ya siku hiyo tu. Siku nyingine za mwaka alituambia nazi ni za watu wa pwani.

Mimi ni mtoto wake wa mwisho. Ninaoka keki za oda Buzuruga, upande wa pili wa mji: za harusi, za kipaimara, za siku za kuzaliwa. Wateja wangu wanataka kitu ambacho jirani hajakiona, kwa hiyo kazi yangu kwa kweli ni kugeuzageuza. Krismasi moja niliamua kuvigeuza vitumbua vya mama. Nilitia kakao na ndizi mbivu, juu nikavimwagia sukari iliyoyeyushwa ikawa nyekundu kama asali. Wajukuu walivigombania. Mama alichukua kimoja, akakimega, akatafuna taratibu.

"Vitamu," alisema. "Ila hivi si vya Krismasi, mwanangu. Hivi ni vya siku yoyote."

Nilikasirika. Nilimwambia, mbele ya wageni, kwamba vyake ni vya kizamani, vimejaa mafuta, na kwamba watoto wanavila kwa kumwonea haya. Mama aliinuka akaenda kuongeza maji kwenye chai. Mwaka uliofuata alipika vichache, na mwaka wa pili wake vichache zaidi, na mimi nilijiambia kuwa ni umri.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, dada yangu mkubwa aliyekuwa akiishi naye alinipigia simu.

"Mama anatafuna chakula, halafu anakitema kwenye leso," alisema. "Nimezikuta leso chini ya godoro. Nyingi."

Tulimpeleka hospitali. Alifanyiwa kipimo cha kamera, tukangoja majibu siku kumi. Daktari alikuwa binti mdogo, pengine mdogo kuliko mimi, na alituambia bila kuzunguka kwamba kuna uvimbe kwenye umio, njia ya chakula imebaki nyembamba sana, na tumechelewa. Alimuuliza mama kwa nini hakuja mapema.

"Nilidhani ni uzee," mama alisema.

Daktari alieleza kwamba wanaweza kumwekea mpira wa kupitishia chakula, uingie tumboni moja kwa moja.

"Nitaonja?"

"Hapana, mama. Hakitapita mdomoni."

Mama alikunja mikono mapajani. "Basi tungoje Krismasi ipite."

Mimi na dada tulitazamana. Tulitakiwa kumbishia pale pale. Hatukumbishia. Tulijiambia kwamba ni miezi michache tu, na kwamba mtu mzima ana haki ya kuamua. Sasa naona tuliogopa tu kuuona ule mpira.

Aliendelea kwa maziwa na uji mwepesi. Mwanzoni mwa Desemba nilimkuta amekaa kitandani, mabega yake yamechongoka chini ya sweta. Alikuwa akitazama nje, ziwa likionekana kipande kati ya mapaa mawili ya bati.

"Mwaka huu sitakula kitumbua," alisema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua imekatika.

"Nitakutengenezea ambacho utaweza kukinywa."

"Kitumbua cha kunywa." Aligeuka kutoka dirishani. "Wewe na mambo yako mapya. Haya, kitengeneze."

Hakuwahi kuniruhusu kabla ya hapo, na nilikibeba kibali kile hadi Buzuruga kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike.

Nilianzia Mirongo, katikati ya mji, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Mama yangu alinunua bitana kwake kwa miaka zaidi ya thelathini. Kila Idi alimletea mama tambi za maziwa, na kila Krismasi mama alimpelekea vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako hajambo? Sijamwona."

Nilimweleza. Aliacha kupima kitambaa, akamwomba mteja asubiri, akanikalisha nyuma ya kaunta. Aliniambia kwao mchele hulowekwa, husagwa, kisha hupikwa kwa maziwa polepole hadi ung'ang'anie kijiko. "Usiache mkono," alisema. "Ukiacha mkono tu, unashika mabonge." Nilipoondoka alinifungia iliki kwenye karatasi, akasema nimfikishie mama salamu, na kwamba angekuja kumwona. Alikuja kweli, mara mbili. Alikaa naye zaidi yangu.

Maana mimi nilikuwa jikoni. Sufuria ya kwanza ilinuka uji wa mgonjwa, nikaimwaga. Nikakaanga vitumbua halisi, nikaviloweka kwenye maziwa ya moto, nikavichuja kwa kitambaa, lakini mafuta yalielea juu kama kwenye supu. Nilichokitafuta ni ile harufu ya ukingo wa kitumbua, pale kinapogusana na chuma na kuanza kuwa kahawia. Siku ya tisa au ya kumi ndipo nilipoupata ujanja. Nilikaanga unga wa mchele kwa samli hadi ukabadilika rangi, nikauchanganya na mchele uliosagwa na kulala na hamira ili upate ule uchachu mdogo, nikapika kwa tui, nikachuja mara tatu.

Katikati ya hayo dada alipiga simu.

"Maziwa yenyewe sasa yanarudi," alisema. "Njoo."

"Niko karibu kukipata," nilimjibu.

"Kukipata nini?"

Nilimweleza kuhusu samli na hamira. Akasema anaenda kubadilisha shuka.

Siku niliyokionja kikiwa kamili nilikuwa nimesimama dirishani, na kilikuwa kitumbua cha mama chenyewe, bila kitumbua. Nilifurahi. Lazima niliseme hili, kwa sababu ndilo linalonisumbua kuliko mengine: nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia keki yoyote niliyooka, na kwa dakika kadhaa sikukumbuka kwamba kuna mtu anaumwa. Kwa karibu wiki mbili nilikuwa sijakanyaga Mkuyuni.

Siku ya Krismasi nilikipeleka kwenye chupa ya chai ili kisipoe. Mama alikuwa amevalishwa gauni lake la kanisani, likaning'inia mwilini kama lililoazimwa. Pembeni yake kulikuwa na bakuli ndogo iliyofunikwa, na nilipomuuliza dada ni ya nini alinijibu kwa sauti ya chini, "Mate. Hayashuki tena."

Nilielewa hapo hapo. Lakini familia yote ilikuwa imekaa, wanangoja, na mama mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo.

Nilimpa nusu kijiko. Alifumba macho. Uso wake ulilegea, na kwa kitambo kidogo akawa yule mama wa chuma cha mashimo saba. "Mmh," alisema, huku midomo imefungwa. Alikizungusha mdomoni. Kisha akajaribu kumeza. Niliona shingo yake ikisukuma, ikasukuma tena, na macho yakafumbuka yakiwa yamejaa hofu. Alikohoa hadi dada akamwinamisha mbele. Kilitoka chote kwenye bakuli, pamoja na uzi mwembamba wa damu.

Nje jirani alikuwa amefungulia redio ya kwaya.

Mama alipopata pumzi alinigusa mkono. "Ni chenyewe," alisema. "Umekipata." Halafu akasema, "Wape watoto, kisiharibike."

Watoto walikunywa wakamaliza, wakaomba kingine. Binti wa dada alipiga picha ya kikombe akaiweka mtandaoni. Watu wazima nao walionja, wakanisifu kwa sauti za msibani. Nilikaa nikisifiwa, na mama amelazwa chumba cha pili mlango wazi, anasikia vijiko.

Tulipomrudisha hospitali baada ya sikukuu, daktari yule yule alimpima, akatuita pembeni. Mwili ulikuwa umedhoofu mno, alisema, hauwezi tena kuhimili kuwekewa mpira. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu. Mama alifariki kabla Januari haijaisha, asubuhi, dada akiwa amemshika kichwa. Mimi nilikuwa njiani.

Ile picha ilitembea. Kufikia Pasaka watu nisiowajua walikuwa wananiuliza bei ya kitumbua cha kunywa. Mmoja alitaka vikombe mia kwa ajili ya kumuaga bibi harusi. Niliwakatalia wote bila kueleza. Dada hakuelewa kwa nini nakataa. Krismasi ya mwaka jana ilipokaribia alinipigia simu, akataka nikitengeneze tena nyumbani, kiwe kitu cha familia, kila mwaka, cha kumkumbuka mama.

"Ndicho alichoonja mwisho," alisema.

"Hakukimeza."

"Alisema umekipata."

"Ningekuwa nimekaa naye," nilisema. "Wiki mbili zile. Ningekuwa nimekaa naye tu."

Dada hakuniambia si kweli. Alisema wao wangenunua keki ya dukani, na kama nitakuja, nije kabla ya saa saba.

Sikwenda. Nilikaa Buzuruga na mlango nimeufunga, nikala mkate na chai ya rangi. Mchana mama yule wa Mirongo alinipigia kunitakia sikukuu njema. Aliniuliza kama kile nilichokuwa natengeneza kiliwahi kukamilika, maana siku zile mbili alipokwenda kumwona, mama yangu alimsimulia sana juu yake, na kila mlango uliposikika mama aligeuka kuutazama akidhani ni mimi.

Nilimwambia kilikamilika. Akasema hilo ni jambo jema, akanitakia baraka, akakata simu.