Waya wa Mshale wa Joto

Shemeji yake Mama Shuka alikata waya wa mshale unaoonyesha joto la injini ya gari, akafunga boneti, akamkabidhi ufunguo huku anacheka. Mengine yote yalianzia hapo.

Mwanamke huyu alikuwa mfua shuka. Kwenye kliniki ya wazazi walimwita Mama Shuka, na jina likamkaa. Kwa miaka miwili alifua pia shuka za nyumba ya wageni ya shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, bila ujira, kwa makubaliano kwamba mwishowe atapewa gari lake dogo la zamani, la milango minne, rangi ya majivu. Halikuandikwa neno. Yeye kuandika hakujua, na shemeji alisema ndugu hawaandikiani.

"Shem, hili gari lina sifa moja," alimwambia siku ya makabidhiano, akigonga dashibodi kwa kucha. "Halichemki. Ona mshale, umelala kwenye baridi mwaka mzima. Wewe endesha tu."

Akaendesha. Hakuwa amewahi kumiliki gari, basi aliuamini ule mshale kuliko pua yake. Akisikia harufu ya kuungua kwenye mlima wa kliniki, anatupa jicho: umelala. Gari likikosa nguvu: umelala. Aliwatambia hata majirani kwamba lake halichemki. Lakini moyo haukutulia. Alizima redio ili asikilize injini. Alijaza maji asubuhi, na jioni akikagua rejeta anakuta yamepungua, wala chini ya gari hakuna tone. Yanakwenda wapi? Usingizi ukaanza kumpaa.

Kliniki alikuwa amechelewa kufikisha shuka mara mbili. Muuguzi mkuu hakufoka. "Mama Shuka, ya tatu sitakuwa na la kukutetea," alisema. "Mama akishikwa na uchungu hasubiri injini yako."

Ya tatu ikaja Jumanne. Katikati ya mlima gari lilitetemeka, mvuke ukafuka kwenye boneti, injini ikanyamaza. Nyuma kulikuwa na shuka sitini zilizopigwa pasi. Mshale ulikuwa umelala vilevile.

Fundi mmoja anayeitwa Spana, mwenye gereji hapo kando, alikuja akijifuta mikono. Alifungua kifuniko cha oili, akamwonyesha uji wa rangi ya maziwa.

"Unaona? Chai hii. Maji yameingia kwenye oili. Gaskiti ya hedi, inayoziba kichwa cha injini, imeungua, hedi yenyewe imepinda, na pampu ya maji ilikufa zamani. Ulikuwa unaangalia wapi, mama?"

"Mshale."

"Mshale gani?"

Akafuata waya kwa vidole mpaka ulipoishia. Ncha ilikuwa imezungushiwa utepe wa buluu.

"Umekatwa kwa kisu."

"Labda panya."

"Panya hafungi utepe, mama. Huyu aliyekata alijua linachemka, hakutaka wewe ujue."

Utepe ule aliufahamu. Kila bomba lililovuja katika nyumba ya wageni lilifungwa kwa huohuo. Alikinga maji ya mabomba hayo miaka miwili.

Spana alihesabu: kuchonga hedi, gaskiti, pampu, rejeta. Alipofika kwenye jumla alishusha sauti kama anayeleta habari za msiba. Ilikuwa mapato yake ya miezi mitano.

"Na nikienda polepole?"

"Hata ukilisukuma litachemka."

Akakodi mkokoteni. Shuka zilifika saa mbili baada ya wakati, na yeye nyuma ya mkokoteni. Muuguzi mkuu alizipokea, akamtazama. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Ukichelewa tena, usije."

Jioni alikwenda kwa dada yake na kipande cha ule waya chenye utepe, alichokatiwa na Spana, kwenye kanga. Shemeji alikuwa ukumbini akila.

"Dada, tazama hiki."

"Nitazame nini?" dada alisema. "Mume wangu alikuonya usilikimbize. Umeliua gari la watu, sasa unatuletea vipande vyake."

Shemeji aliendelea kula. Ila alipomsindikiza mlangoni, mkewe akiwa jikoni, alimwambia kwa upole, "Mshale ungekutia wasiwasi bure, shem. Nilitaka uwe na amani."

"Rudi ndani ukamwambie hivyo mkeo."

"Aa, mambo madogo hayo," akasema, akafunga mlango.

Sasa ni tarehe ishirini. Gari liko kwa Spana, boneti wazi. Mama Shuka anaamka kabla ya wote ili amwahi mwenye mkokoteni. Dada hampokelei simu. Shemeji anadaiwa hedi, gaskiti, pampu na rejeta. Na juu ya hayo anadaiwa yale maneno ya mlangoni, ayaseme tena ukumbini, kwa sauti ileile, mkewe akisikia.