Mzee wa Nyuma

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za kidato cha nne, kwamba yule mzee aliyekuwa wa mwisho katika kundi letu la baiskeli alikuwa muuza majeneza aliyekuja kutafuta wateja.

Aliyenipa habari hiyo alikuwa dada mmoja wa kundini, karani katika ofisi ya serikali, mtu wa kwetu Ukambani kabisa, na mimi nilidhani mtu wa kwetu hawezi kunidanganya kabla ya saa moja asubuhi. Ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza. Kundi lilikuwa limekutana katikati ya jiji kama lifanyavyo kila juma, watu wa kila namna na baiskeli za kila namna. Kulikuwa na waliovaa nguo za kubana mpaka unaweza kujua walikula nini jana, na kulikuwa na waliokuja na sweta za kanisani. Mimi nilikuwa juu ya baiskeli niliyoinunua kwa jirani, ambayo kijana wake aliiacha alipoanza kuota ndevu. Nilipokanyaga pedali, magoti yalipanda kunisalimia kidevuni.

"Mgeni, sasa," dada karani akaniambia. "Umemwona yule mzee pale nyuma?"

Nikageuka. Alikuwa mzee mwembamba wa Pwani, kofia ya kufuma chini ya helmeti, mguu mmoja wa suruali ameubana kwa kibanio cha kuanikia nguo ili usinaswe na mnyororo. Alikuwa akiangalia magurudumu ya watu, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Nimemwona. Ana nini?"

"Usibaki naye."

"Kwa nini?"

"Huyo anauza majeneza. Anakaa nyuma aone nani anapumua vibaya. Ukianza kukohoa, yeye anaanza kupanga mbao."

Wenzake waliokuwa karibu wakaangalia pembeni, mabega yakiwatetemeka. Nilidhani ni hofu.

Habari hiyo ingempata mtu mwingine ingempita tu. Lakini mimi ilinikuta pabaya. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeenda zahanati ya karibu na kwangu Kawangware kutafuta dawa ya kichwa, na muuguzi akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha. Akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Akanifunga mkono wa pili, kana kwamba mkono wa kwanza ni wa mtu mwingine. Kisha akamwita daktari, na daktari akaniuliza baba yangu alikufa na nini.

Baba alianguka akifunga ng'ombe, akiwa na umri kama wangu wa sasa. Chai aliyoiacha mezani ilikuwa bado moto. Nakumbuka kikombe chenyewe, cha bati, kimemenyeka rangi mdomoni, na mvuke ukipanda kama hakuna lililotokea.

"Basi," daktari alisema, "wewe unashinda umekaa kwenye duka la nati na misumari kama gunia. Tembea. Endesha baiskeli. Fanya chochote, lakini usikae."

Kwa hiyo mimi sikuingia kundini kutafuta marafiki. Nilikuwa nakikimbia kile kikombe. Na sasa naambiwa kwamba huko nilikokimbilia, nyuma yangu kabisa, kuna mtu wa majeneza! Wakati nikisoma masomo ya jioni, niko darasani na watu wenye wajukuu, nilifundishwa kwamba mwenye elimu hutaka ushahidi. Nikasema sawa, nitautafuta.

Ushahidi ulinijia wenyewe, asubuhi hiyohiyo. Tulipanda Valley Road, kilima ambacho nadhani ndege hushukia kupumzika, tukaingia Ngong Road. Wenye mapafu walikuwa wameshapotea mbele. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nyuma yangu, karibu sana, nikisikia mnyororo wake uliopakwa mafuta vizuri ukinong'ona, alikuwa mzee. Tukafika pale mafundi seremala wanapopanga majeneza kando ya barabara, makubwa kwa madogo, yameng'arishwa vanishi. Fundi mmoja akainua randa yake juu.

"Mzee wetu! Unatuletea lini?"

"Jumatatu, inshallah!" mzee akajibu kwa furaha.

Jumatatu! Nusura nijitupe kwenye mtaro. Leo Jumamosi. Nilikuwa nimebakiwa na Jumapili tu, tena Jumapili yenyewe nina zamu kanisani ya kupanga viti. Nilikanyaga pedali mpaka baiskeli ikalia. Mzee naye, bila hata kufungua mdomo kuvuta pumzi, akaja palepale alipokuwa, nyuma yangu.

Jumatatu ilipita nikiwa hai. Nilishinda dukani nikiogopa kupanda ngazi. Mteja akiuliza nati ya rafu ya juu, namwambia imeisha.

Katika Jumamosi zilizofuata niligundua kwamba sina mbio za kumkimbia mzee. Basi nikapata wazo ambalo mpaka leo naliona lilikuwa la mtu aliyesoma: kama siwezi kumwacha nyuma, nitamwacha apite. Nikiwa nyuma yake ataniangalia vipi? Tulikuwa Lavington, kwenye zile barabara za kuta ndefu na maua yanayomwagika juu ya nyaya, kimya mpaka unasikia mtu akifagia ua wa jirani wa tatu. Nikasimama ghafla, nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilitarajia apite. Breki zake zikalia kidogo. Akasimama.

Nikaendelea kuinama. Naye akaendelea kusimama. Mlinzi wa lango moja alikuwa amekalia kiti chake cha plastiki, akaacha kutafuna njugu ili atutazame vizuri.

"Pita tu, mzee," nikamwambia. "Nafunga viatu."

"Funga taratibu, mwanangu. Nakungoja."

"Usingoje, nitakuja."

"Viatu vyako havina kamba," mzee akasema kwa upole.

Nikaangalia. Wallahi, havikuwa na kamba. Nilikuwa nimevaa vile vya kuchomeka mguu. Sijawahi kushtuka hivyo tangu siku niliyoona jina langu kwenye orodha ya waliofaulu hesabu. Mlinzi alicheka mpaka njugu ikamwendea njia mbaya.

Mbele kidogo nikajaribu tena. Nikakata kona ghafla, nikajibanza nyuma ya ua wa michongoma, mimi na baiskeli yangu, nikahesabu pumzi. Nilipochungulia, mzee alikuwa amesimama barabarani ameangalia upande wa pili kwa heshima, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize haja ndogo. Mtu mwenye nia njema angepita! Huyu hakukubali hata mara moja niwe nyuma yake.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa akichambua mchele na hakuinua kichwa.

"Basi iuze hiyo baiskeli."

"Nikiuza, presha itanimaliza. Umesikia daktari."

"Basi iendeshe."

"Nikiendesha, mzee yuko nyuma yangu."

"Sasa wewe unataka ufe kwa lipi, baba watoto?" Akatupa jiwe alilolitoa kwenye mchele. "Enda Jumamosi hii. Ukishindwa kumwacha mbali nyuma, iache. Utatembea kwa miguu na watoto jioni. Lakini usiniletee tena hadithi ya mtu anayetazama pumzi zako, maana na mimi usiku nimeanza kuzisikiliza."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema polepole, na hapo akainua kichwa. Niliona kwamba utani umeisha. Alikuwa amelala macho kwa sababu yangu, akisikiliza kama ninavuta hewa.

Jumamosi hiyo niliendesha kama mtu aliyeiba. Katikati ya jiji niliondoka wa kwanza, mpaka dada karani akapiga kelele, "Wee! Kuna nini huko mbele, harusi?" Valley Road walinipita wote ila mzee. Kufika Kawangware nilikuwa nimerudi mahali pangu pa kawaida, na ule mnyororo ulikuwa ukinong'ona nyuma yangu. Tukateremka bondeni kuelekea Kabiria, nikaona kilima cha upande wa pili kimesimama kama ukuta wa nyumba. Nikasema, hapa ndipo. Nikiushinda huu mlima mbele ya huyu mzee, nimeushinda na ule mwingine, wa presha.

Nilikanyaga. Magoti yakanipiga kifuani. Moyo ukaanza kupiga ngoma ya harusi, kisha ya matanga, kisha zote mbili pamoja. Niliona nyota mchana kweupe, za rangi mbalimbali. Sijui kama baiskeli ilisimama kwanza au ni mimi. Ninachojua nilijikuta nimekaa chini kando ya kibanda cha mama mboga, mgongo kwenye gunia la kabichi, na kundi lote limepotea juu ya kilima.

Mnyororo ukanyamaza. Mzee akashuka.

Akanipa chupa yake ya maji, akasubiri ninywe, akanitazama kifua kikipanda na kushuka. Akakitazama muda mrefu, mpaka pumzi zikakaa. Kisha akafungua mkoba mdogo ulio chini ya kiti chake, akatoa utepe wa manjano, ule wa kupimia wa mafundi wa nguo, akaukunjua.

"Simama, mwanangu. Simama wima."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Mtu akishtuka kupita kiasi huwa mtiifu. Mzee akapiga goti, akaweka ncha moja ya utepe kisiginoni kwangu na kuupandisha mguuni, kwa ndani. Nikawaza: kumbe hawaanzi kichwani. Pengine Pwani huanza chini.

"Mzee, unamshonea suruali hapa kwa kabichi zangu?" mama mboga akauliza.

"La, mama. Nampima tu."

Nampima tu! Nikaona kile kikombe cha bati. Nikamwona mke wangu akisikiliza gizani na asisikie kitu.

"Mzee, tafadhali," nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya mtoto wa chekechea. "Usinipime. Watoto wangu bado wadogo."

Akainua uso. "Watoto wako?"

"Hata likiwa la bei ya chini, silitaki."

"Hulitaki lipi?"

"Jeneza."

Mama mboga aliweka kisu chini. Mzee alinitazama, akautazama utepe wake, akanitazama tena, kisha akasimama polepole akishika goti.

"Nani kakwambia mimi nauza majeneza?"

"Dada karani. Na wale maseremala nimewasikia kwa masikio yangu. Na hutaki nikae nyuma yako hata siku moja."

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, kwa hasira, hata kwa bei. Alinishika bega kwanza, akaukunja utepe, ndipo akasema:

"Mimi nauza vitambaa, mwanangu. Wale maseremala wanunua kwangu kitambaa cha kutandika ndani, nami nawapelekea kila Jumatatu. Sisi wenyewe twazika kwa sanda, hatuzikani na sanduku. Huku nyuma niliwekwa na kundi, asiachwe mtu njiani, basi ukisimama nasimama, na ukiingia kwenye ua nakungoja utoke. Mambo ya kifua na pumzi muulize daktari. Ninalolijua mimi ni kwamba kiti chako kiko chini sana, ndiyo maana wachoka. Nishikie baiskeli nikiinue."