Sista Ashusha Tangi

Saa moja asubuhi ya Jumamosi, miguu miwili ilikuwa imetokeza chini ya gari jeupe uani. Ilikuwa imevaa soksi ndefu nyeupe na raba zilizopasuka vidoleni, na kutoka huko chini mtu alikuwa akipiga mluzi. Jirani yake, fundi wa baiskeli, alichungulia juu ya ukuta akashusha pumzi.

"Afadhali unapiga mluzi, Sista. Nilikuwa karibu kuita watu."

"Waite tu, waje wanishikie spana."

Mtaa mzima ulimwita Sista, hata wale waliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mmoja, mingi yake katika chumba cha upasuaji, na alipoondoka alikuja na vitu viwili tu: saa ya ukutani aliyopewa na wenzake, na tabia ya kutomwamini mtu yeyote mpaka amemwona akinawa mikono. Gari alilinunua mwaka wa mwisho kazini. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko daktari wake wa mwisho, na yeye alisema lilikuwa na adabu zaidi.

Sasa tangi la gari hilo lilikuwa limeoza. Kutu ilikuwa imekula mahali palipounganishwa, chini kabisa, na petroli ilidondoka tone kwa tone. Mara ya mwisho alipolipeleka gari gereji, lilikaa wiki tatu likarudi bila tairi la akiba na likiwa na mazulia ya gari la mtu mwingine. Safari hii aliapa. Alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya vyuma chakavu, akachagua tangi la mtumba, akaligonga kwa vidole kama anavyogonga kifua cha mgonjwa, akalinusa, akalimulika ndani, akalileta nyumbani.

Haraka yote hiyo ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya mwanawe, kijana wake wa pekee, ambaye tangu ana miaka sita alimwita Bosi kwa sababu alipenda kupanga watu. Bosi alipiga simu Jumanne.

"Mama, hilo si gari tena, ni kiberiti chenye magurudumu. Nimempata bwana mmoja ananunua magari mabovu. Nakuja naye Jumamosi saa tisa."

"Uje naye, lakini gari si bovu."

"Linavuja petroli, Mama!"

"Na wewe ulikuwa unakojoa kitandani mpaka darasa la pili. Nilikuuza?"

Walivutana mpaka wakafikia mapatano. Ikifika saa tisa gari likiwa linaweza kuwapeleka hadi mzunguko wa barabara kuu na kuwarudisha, Bosi asingelitaja tena. Likishindwa, funguo zinakwenda kwa mnunuzi.

"Neno lako?" aliuliza Sista.

"Neno langu, Mama."

Bosi hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na kosa la watu wengi wazuri: aliamini kwamba mzazi akistaafu anatakiwa kupanguswa vumbi na kuwekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Hakujua vizuri gari lile lilibeba nini. Ndani ya buti kulikuwa na sanduku la bati lenye bendeji, dawa ya vidonda na beseni mbili. Kila Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, Sista alizungukia nyumba za watu ambao zahanati ilikuwa imewaambia, "Rudi baada ya siku tatu tukubadilishie bendeji." Mtu hawezi kusimama, unamwambia arudi! Arudi kwa mabawa? Aliyeandika amri hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka, na hakuwahi kujiuliza mwenye mguu mmoja mzima anafikaje kwenye foleni. Sista hakuandika barua ya kulalamika. Aliwasha gari. Tangu Jumatano gari lilikuwa halijatoka, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye kidonda cha mguu alikuwa anasubiri siku ya tatu bila bendeji mpya. Hilo ndilo lililomwamsha Sista kabla ya jua.

Fundi wa baiskeli aliruka ukuta na jeki yake begani. Sigara ilikuwa imepachikwa nyuma ya sikio.

"Hiyo irudi kwenu," Sista alisema kutoka chini ya gari.

"Haijawashwa, Mama."

"Irudi kwenu, au iende pamoja na sikio."

Ilirudi. Na simu zote mbili zikawekwa dirishani.

Wakaanza. Sista alifungua waya wa betri, akafungua kifuniko cha mafuta ili pumzi itoke, kisha akaingiza mpira mrefu wenye pampu ya mkono. Wako wanaonyonya petroli kwa mdomo, na yeye alikuwa amewahudumia wa kutosha kujua kwamba mdomo haukuumbwa kwa kazi hiyo. Dumu mbili zikajaa, zikafungwa vizuri, zikapelekwa mbali kivulini. Akanyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko kidogo cha sakafuni, akachomoa waya za pampu na za geji ya mafuta. Kisha wakainua nyuma ya gari kwa jeki, na hakukubali mtu aingie chini mpaka stendi mbili za chuma zimekaa na yeye mwenyewe amelisukuma gari kwa kiuno kuona kama litatikisika.

Kila bolti iliyotoka iliingia kwenye bahasha ndogo ya dawa, naye akaandika juu yake: *mkanda wa kulia, mbili*, *shingo ya tangi, moja*. Fundi aliinua bahasha moja akaisoma.

"Hizi ni kutwa mara tatu, au baada ya kula?"

"Ukiendelea nitakupa zote kwa mkupuo."

Bolti za mikanda miwili ya chuma inayoshika tangi zilikuwa zimeganda kwa kutu. Walizinyunyizia mafuta, wakanywa chai, wakarudi. Fundi alivuta spana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sista alimwambia asiivute, aibembeleze, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikalia kwii, ikaachia. Wakaweka kipande cha ubao juu ya jeki ya pili, wakaliegemeza tangi, wakachomoa mipira minne, na kila mpira uliobaki ukining'inia chini ya gari Sista aliuziba mdomo kwa kipande cha shashi safi, ile ile ya kufungia vidonda, ili mchanga usiingie. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Gari limetahiriwa!"

"Cheka. Uchafu ukiingia kwenye bomba, ni wewe utakayelisukuma."

Tangi la zamani likashuka. Tangi la mtumba likapanda, polepole, jeki ikinyanyuliwa kidogo kidogo. Mpira wa kupeleka mafuta, ukaingia. Wa kurudisha, ukaingia. Shingo ya tangi, ikaingia. Wakati wa mpira wa mwisho, ule mwembamba ulioko juu karibu na gurudumu, saa ya ukutani ililia saa saba ndani ya nyumba, na Sista akaharakisha. Mikanda, bolti, waya, kiti. Bahasha zote zikabaki tupu. Akamimina dumu moja, akalala tena chini na tochi, akapitisha kidole kila kiungo. Hakukuwa na hata tone.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Fundi aliruka juu kama amefunga goli.

"Panda," Sista alisema. "Tukalijaribu kabla Bosi hajaja."

Lilikwenda vizuri, tena kwa madaha. Walifika mzunguko wa barabara kuu, wakauzunguka, na hapo hapo likaanza kukohoa. Likakohoa mara tatu, likazima katikati ya njia. Nyuma yao honi zikaanza kupokezana. Ilikuwa saa nane na dakika tano.

"Pampu imekufa," Fundi alisema kwa sauti ya msibani. "Pole, Mama."

Akilini Sista alimwona mwalimu akiwa ameinua mguu juu ya stuli, akiangalia mlango. Akashuka, akaenda nyuma ya gari bila kujua anatafuta nini, akafungua kifuniko cha mafuta.

*Fyuuuuu!* Hewa iliingia kwa kasi kama mtu aliyezama ametoa kichwa majini.

Sista alisimama na kifuniko mkononi. Honi zililia, yeye akatabasamu. Alikuwa ameziona chupa za dripu za kioo, za zamani, kabla ya mifuko ya plastiki. Ukisahau kuzichoma sindano ya kuingizia hewa, zinashuka kidogo halafu zinagoma, hata mgonjwa akiwa mahututi. Chupa haitoi maji kama haipati hewa. Na tangi je?

"Washa," alimwambia Fundi.

Likawaka.

"Ule mpira mwembamba," Sista alisema, akiketi kwenye usukani, "ndio pua ya tangi. Na mimi nimeiziba."

"Umeiziba na nini?"

"Na shashi, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja sijasahau shashi ndani ya mtu hata mmoja, leo nimeisahau ndani ya gari."

Walirudi kifuniko kikiwa kimelegezwa, mwendo wa konokono, ili petroli isirukeruke. Nyumbani akazima gari, akachomoa tena waya wa betri, akasubiri bomba za moshi zipoe, akaingia chini. Klipu ilikuwa mahali pabaya, juu ya gurudumu, panapoingia vidole viwili tu. Saa tisa kasoro dakika kumi, alipokuwa amenasa mkono mpaka kwenye kiwiko, lango likafunguka.

"Mama," sauti ya Bosi ilisema. Ilikuwa ya upole, na upole ndio ulioumiza. "Basi, Mama. Toka. Umejaribu."

"Bado dakika kumi."

"Mama, uko chini ya gari."

"Najua niko wapi."

Fundi wa baiskeli alisimama mbele ya Bosi, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki. Kutoka chini zikasikika pumzi, neno moja ambalo wauguzi hulisema milango ikiwa imefungwa, kisha klipu ikabana mahali pake: ta! Sista akatoka, uso umechafuka masizi, kibano mkononi, na kwenye kibano shashi nyeusi iliyolowa. Akaitupa kwenye ndoo ya mchanga, akarudisha waya wa betri, akanawa mikono mpaka viwiko.

"Ingieni."

Mnunuzi, bwana mnene mwenye kofia, aliingia nyuma bila kuuliza. Walikwenda mpaka kwenye mzunguko. Sista akauzunguka mara moja, halafu mara ya pili, halafu ya tatu, mpaka Bosi akashika dashibodi.

"Mama, tumeelewa!"

"Nataka uelewe vizuri."

Walipoingia uani, mnunuzi alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi nilikuja kuchukua maiti. Hili linapumua kuliko mimi. Sikiliza, kijana, ile bei tuliyosema, nazidisha mara mbili. Sasa hivi."

Sista alizima gari, hakuchomoa ufunguo. Hakumtazama mwanawe, maana alijua akimtazama atamsaidia kujibu, na hili alitaka alijibu mwenyewe. Bosi alikuna shingo. Alitazama dumu, jeki, bahasha tupu zilizopangwa ukutani, mikono ya mama yake yenye mikwaruzo mipya.

"Haliuzwi," alisema.

"Mara mbili na nusu!"

"Nimetoa neno, mzee. Samahani kwa usumbufu."

Mnunuzi aliondoka akinung'unika. Bosi alifungua mlango ashuke, mama yake akamshika mkono.

"Unakwenda wapi? Chukua sanduku la bati kwenye buti uliweke mapajani. Mwalimu anatusubiri tangu Alhamisi."

Bosi alilileta, akaketi, akalikumbatia kama mtoto wa watu. Gari likatoka langoni.

"Kwani ni wagonjwa wangapi, Mama? Watatu, ulisema."

"Saba."

"Saba! Mbona uliniambia watatu?"

"Ili usinipigie kelele," Sista alisema, akabadilisha gia. "Shika vizuri sanduku, hapa kuna shimo."