Bamba la Landrova na Mguu wa Mama Mkwe

Ukipita maduka ya Kitale kuanzia sokoni mpaka Tuwan, milango mingi ya chuma unayoiona nimeichomelea mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Shule niliiacha darasa la nne, na kufikia ile miaka ambayo simu za mkononi zilianza kulia hata katikati ya mahindi, nilikuwa na karakana yangu, mashine mbili za kuchomelea, na Landrova kuukuu niliyoinunua ikiwa imelala bila magurudumu nyuma ya ghala la mkulima mmoja wa Kiminini. Niliifufua kwa mikono hii. Siku iliponguruma, majirani walikuja kuitazama kama watu wanaokuja kuona mtoto.

Mke wangu ametoka juu ya Kimilili, pale mlima unapoanza kusimama. Watu wetu sisi walihamia Trans-Nzoia kutoka kati ya Kenya, na kwetu mama wa mke wako unamsalimia kwa mkono na mnakunywa chai. Kwao hapana. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawatazamani usoni, hawali chumba kimoja. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na ukiivunja umemvua nguo mzee wa watu. Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa nimemwona mama huyo mgongo peke yake. Nikiingia langoni, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Lakini kila nilipoondoka nilikuta kuku amefungwa miguu juu ya kiti cha gari, na ndizi zimefunikwa majani zisipate jua, na nilijua ni mkono wa nani.

Halafu akaugua. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kikaanza kisiginoni, kidogo tu kama punje ya mahindi, kikaenea mpaka kifundo. Daktari wa Bungoma akaagiza aletwe kila Alhamisi kisafishwe na kufungwa upya. Aliweka kiganja chini ya goti la mama akamwambia mke wangu, "Msiruke wiki. Mkiruka mbili zikifuatana, tutakata hapa."

Njia ya kutoka nyumbani kwao mpaka barabara kubwa ni mawe. Mawe matupu, mengine makubwa kama kondoo aliyelala. Baiskeli za boda zilikuwa zinamrusha mpaka analia. Mimi nikasema, si nina Landrova? Nikapanda na kifua mbele. Alhamisi hiyo hiyo, mama akiwa nyuma na shemeji zangu, jiwe moja likatoboa sampu, ile karai ya chini ya injini ambamo mafuta hukaa. Mafuta yote yakamwagika njiani. Shemeji zangu wakambeba mama kwa kiti wakamrudisha nyumbani, na mimi nikabaki nimekaa juu ya lile jiwe. Wiki moja ilikuwa imeshapotea hivyo, na aliyeipoteza ni mimi.

Mke wangu hakunilaumu. Alisema tu usiku ule, "Mama ameuliza kama wewe umeumia." Hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Basi sampu nikaichomelea kiraka, halafu nikaamua kuifungia Landrova ngao chini ya tumbo. Sijawahi kuona ngao kama hiyo ikitengenezwa, sikuwa na mchoro, na kama ningekuwa nao nisingeusoma. Nilikata boksi la mafuta ya kupikia, nikalala chini ya gari, nikalikunja likunjike jinsi injini ilivyo, nikaweka alama kwa mkaa. Vipimo nilipima kwa shubiri na kwa kamba ya katani. Bamba lenyewe lilikuwa sakafu ya trela la mahindi lililokufa, chuma cha unene wa kidole kidogo. Kulipinda nililiweka juu ya moto wa makaa na kuligonga kwa nyundo kubwa siku nzima. Watu wa Tuwan walilalamika kelele. Nikawaambia wataisimulia kelele hiyo kwa wajukuu wao.

Karakana ya jirani kulikuwa na fundi mzee wa magari, mtu wa maneno machache na koti moja. Alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, akachungulia.

"Umefunga pembeni zote?"

"Zote, mzee. Pembeni na nyuma. Hata panya hapiti."

"Na mbele umeacha mdomo."

"Injini si inataka hewa?"

"Kitu kikiingia mbele kitatokea wapi?" akauliza. "Acha nyuma wazi, bana. Toboa na mashimo chini. Na hiyo boliti ya kumwagia mafuta nayo umeifunika, sasa mafuta utabadilisha kupitia wapi, puani?"

Watu wakacheka. Mimi nikavimba. Nikamwambia, "Mzee, mimi hutengeneza matangi ya maji. Tangi langu halijawahi kutoa tone. Sasa nitoboe chuma kizuri kwa nini?"

Akanywa chai yake. "Ati tangi," akasema, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata nikapanda mlima na mke wangu. Ninyi mngesikia! Jiwe lilipiga chini, ngeng! na gari likateleza juu yake likapita. Lingine, ngeng! Tukapita. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Lile jiwe lililonitia aibu nililipanda makusudi, ingawa kulikuwa na nafasi ya kulikwepa, na mke wangu akanipiga begani.

Nyuma ya gari tulikuwa tumetandika godoro. Mke wangu akatundika leso mbili nyuma ya kiti changu, kutoka juu mpaka chini, na kioo cha kuangalia nyuma akakigeuzia paa. Mimi nikaenda kusimama kando, uso ukiwa umeelekea migomba, mpaka mama alipokwisha kubebwa na kulazwa. Mke wangu akakaa naye nyuma. Basi mazungumzo yetu yakawa hivi:

"Mwambie mama ashike chuma cha pembeni, tunashuka."

"Mama, anasema ushike chuma."

Na mama, ambaye alikuwa amenisikia kama mimi ninavyomsikia, anajibu kwa Kiswahili cha sokoni, kusudi kinifikie: "Mwambie dereva haya mawe alituwachia babu. Asiyamalize yote leo."

"Anasema usiyamalize mawe."

"Nimesikia. Mwambie nitamwachia mawili."

Nikasikia kicheko kidogo nyuma ya leso. Miaka tisa, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwangu.

Chini kidogo, ukingo wa njia ulioliwa na mvua, tulioupita kwa shida tukipanda, tukaukuta umeporomoka. Jirani mwenye shamba hapo akatuonyesha tupite ndani ya shamba lake, mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Mabua yamelala kila mahali, makavu, na majani yake yanalia chini ya magurudumu. Nilipita katikati kama trekta. Sikujua kwamba ule mdomo wangu wa mbele ulikuwa unayachota kama beleshi, na kwamba tangi langu lisilotoa tone lilikuwa linayaweka yote, yamebanana na bomba la moshi lenye joto.

Tulipofika barabara ya kwenda Bungoma nilisikia harufu ya moshi. Sikushtuka. Msimu ule kila shamba watu wanachoma mabua, na mlima wote unanuka hivyo. Nikafunga dirisha. Tukaenda. Harufu ikazidi, nami nikawa nawalaumu wakulima moyoni.

Sauti ikatoka nyuma ya leso, taratibu kabisa. "Mwambie dereva mabua wanayochoma watu wa Kimilili yanatufuata mpaka huku."

Nikatazama miguuni kwangu. Moshi ulikuwa unapanda kupitia sakafu.

Nikasimamisha gari kando, nikaruka chini. Mke wangu akafungua mlango wa nyuma, akamshika mama kwapani, akavuta. Mama ni mtu mzima mwenye mwili, na mguu ule haukanyagi. Hakusogea. Mke wangu akavuta tena, akaanza kulia. Barabarani hakukuwa na mtu, ila ng'ombe wawili waliofungwa kamba ng'ambo ya mtaro. Chini ya gari nikaona mwanga mwekundu.

"Mama, anakuja kukubeba," mke wangu akasema.

"Asinishike!" mama akasema. "Tafuta wanawake."

"Wanawake wako wapi, mama?"

Sikungoja jibu. Niliingia, nikafumba macho, naapa niliyafumba, nikageuza uso pembeni, nikapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mmoja mgongoni. Aliufanya mwili wake mgumu kama ubao. Mke wangu akaniongoza kwa sauti, "Nyuma, nyuma, shuka, kuna mtaro, kushoto," na mimi nikaenda kipofu na mzigo wangu. Nilihisi moyo wake unadunda mbavuni kwangu. Katikati ya njia ule ugumu ukamtoka, akaegemeza kichwa begani kwangu kama mtu aliyechoka tangu zamani. Nikamweka kwenye nyasi, mguu wenye kidonda nikautua taratibu kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Kisha nikarudi kwenye gari. Nikajitupa chini na chuma cha jeki, nikavuta mabua kupitia kule mbele, mengine kwa mkono, mke wangu akichota matope ya mtaroni kwa sufuria ya uji na kunipa. Yalizimika. Waya mmoja ulikuwa umeyeyuka ganda, nikaufunga kwa kitambaa. Injini ilikuwa nzima. Lakini mimi nilikaa pale chini ya gari nikakosa ujasiri wa kutoka. Nilikuwa nimemshika mama mkwe. Na saa zilikuwa zinakwenda, na kama angekataa kupanda tena, wiki ya pili ingekuwa imepotea, na nilikiona kile kiganja cha daktari chini ya goti lake.

"Wewe," mama akaita.

Nilidhani anamwita binti yake.

"Wewe dereva. Toka huko. Lete huo mkono."

Nikatoka nikiwa nimeinamisha macho. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua kutoka vidoleni mpaka kifundo, na sikuwa nimesikia maumivu mpaka aliposema. Akavua kitambaa cha kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, nilikuwa sijui. Akanifunga polepole, akizungusha kitambaa vile yeye mwenyewe alivyokuwa akifungwa kila Alhamisi, na hakuweka mtu yeyote katikati yetu.

"Umeungua kama mtoto aliyetia mkono kwa jiko," akasema. "Nani alikufundisha kufunga chuma hivyo?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Inaonekana."

Mke wangu akaanza kuokota zile leso kwenye matope, akauliza atundike wapi sasa. Mama akamtazama. "Tundika baadaye, zikauke. Mambo ya wazee nitaongea na wazee. Hospitali inafunga saa kumi. Nibebeni."

Tukambeba wawili. Tulifika Bungoma muuguzi akiwa anafunga dirisha. Tulimwomba, akatazama mguu wa mama, akatazama mkono wangu, akatazama matope yetu, akafungua tena. Tulikaa benchi moja, mama na mimi, mke wangu katikati, tukisubiri dawa.

Wazee wa kwao walikaa kweli. Nikapeleka kondoo na blanketi vya kuomba radhi, yakasemwa yanayosemwa, mzee wa kanisa akaomba, na ikaisha. Hatukuanza kula pamoja. Aliendelea kutoka kwa mlango wa jikoni, ila sasa akifika pale alikuwa anasimama na kuniuliza mkono umeponaje.

Niliporudi Tuwan nilikwenda mwenyewe kwa fundi mzee, bila kuitwa. Nikafungua bamba, nikalikata nyuma, nikatoboa mashimo kumi na mawili, na moja kubwa chini ya ile boliti. Alisimama na chai yake mpaka nikamaliza. Hakusema kitu chochote. Mtu mkubwa yule. Mimi ningesema.

Bamba hilo lilipanda mlima kila Alhamisi, mvua na jua, na sampu haikuguswa tena. Hakuna gari Kitale nzima lililokuwa na ngao kama hiyo, na waliokuja baadaye kutaka ya kwao niliwatengenezea, na mashimo yake. Kidole kimoja cha mama kilikatwa, kidogo kile cha mwisho. Mguu ukabaki.

Alhamisi moja, wakati watu wanapanda mahindi, nilifika nikakuta nyumba imefungwa. Shemeji akanionyesha chini kwa kidevu. "Ameshatangulia kwa kijia cha migombani, ndiyo maana mmepishana. Amekataa kungoja."

Nikageuza gari nikamfuata. Nilimpata karibu na nusu ya njia, anashuka peke yake na fimbo, kanga nyekundu mgongoni, anaweka ule mguu juu ya jiwe, anaujaribu, anaweka mwingine. Nikatia gia ya kwanza nikakaa nyuma yake, mbali kidogo. Hakugeuka. Nikazima redio.

Tulikwenda hivyo muda mrefu. Kisha akasimama mbele ya mawe mawili makubwa, akayapima kwa macho, akasogea pembeni. Bila kunitazama, akanyoosha fimbo kuonyesha gurudumu lipite wapi.

"Kulia," akasema. "Kidogo tena. Hapo, sasa njoo."

Nikaja.