Salamu za Mjomba Shabani

Sisi tuliokulia Makole, hapa Dodoma, miaka ile ya ruksa, biashara zilipoanza kufunguliwa, tulikuwa na siku moja katika wiki ambayo hakuna mtoto aliyehitaji kuamshwa. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili ilikuwa siku ya redio.

Wenzangu mnakumbuka. Watoto wenu wakisoma nao waelewe kwamba redio ya wakati ule haikuwa kitu cha kuwashwa ovyo. Ilikula betri, na betri hazikupatikana kirahisi. Siku za kazi ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu, kisha ikazimwa na kufunikwa kitambaa alichokidarizi Bibi Zuhura kwa mkono wake. Betri zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika juani, kando ya mboga ya mlenda iliyokuwa ikikaushwa, na zikishapata joto zilifufuka na kutupatia kipindi kizima kabla sauti haijaanza tena kulegea kama ya mlevi. Nilipomsimulia binti yangu, aliuliza kwa nini hatukuzichaji. Nilicheka, nikamweleza taratibu, na bado sidhani kama aliamini.

Bibi Zuhura alikuwa mama wa mama yangu. Wazee wake walifika hapa na misafara ya biashara, wakajenga, wakabaki. Ukuta wa chumba chake uligusana na ukuta wa Mama Yohana, jirani yetu Mgogo, mke wa fundi baiskeli. Kwao hapakuwa na redio, kwa hiyo redio ya Bibi ilikuwa ya nyumba mbili. Jumapili asubuhi Bibi, Mwislamu wa swala tano, alifungua kwaya kwa sauti ya juu ili Mama Yohana aisikie akivaa kwenda kanisani. Baadaye kilikuja kipindi cha watoto, nasi tukaimba na watoto wa redioni kana kwamba wangetusikia. Mchana ulikuwa wa salamu, alasiri mpira, na jioni mchezo wa kuigiza.

Mpira ulikuwa wa wanaume. Baba Yohana aliweka baiskeli aliyokuwa akiitengeneza miguu juu, akasogea na spana mkononi, na mtangazaji akipandisha sauti naye alipiga teke hewani. Sisi hatukuwahi kuwaona wale wachezaji, lakini kila mmoja wetu alijua wanafananaje, na tuligombana juu ya nani mrefu.

Mchezo wa kuigiza ulikuwa wa wanawake, ingawa wanaume walijifanya wanapita tu. Kulikuwa na mume mmoja bahili aliyemfichia mkewe sukari. Mama Yohana, na bakuli lake la karanga mapajani, hakuweza kuvumilia.

"Mwache huyo, dada! Funga mzigo urudi kwenu!"

"We mama, mbona unapiga kelele? Huyo hakusikii," mumewe alimwambia.

"Kama mimi namsikia, yeye ana masikio gani?"

Uwanja mzima wa nyumba ulicheka. Upepo wa Dodoma ulitupulizia vumbi machoni, ugali wa mtama ulipoa kwenye sinia, na hakuna aliyeinuka mpaka muziki wa mwisho.

Lakini kipindi cha Bibi kilikuwa kile cha salamu. Mnakumbuka utaratibu wake: unanunua kadi dukani, unaandika jina lako na mahali ulipo, unawataja unaowasalimia, unaweka ujumbe mfupi, unaituma. Mtangazaji akiifikia anaisoma mara moja, kisha anaendelea na kadi ya mwingine. Kulikuwa na watu waliokuwa maarufu nchi nzima kwa kutuma salamu tu. Hatukujua sura zao wala kazi zao, ila majina yao tuliyakariri kama majedwali ya shuleni.

Bibi alimsubiri mtu mmoja, mwanawe wa pekee wa kiume, Mjomba Shabani. Mjomba alikuwa fundi katika karakana ya shirika la umma. Miaka ile maduka yalianza kujaa sabuni za kunukia na nguo za mitumba, na wakati huohuo mashirika yakawa yanapunguza watu. Mjomba alipunguzwa. Alikaa nyumbani kwa miezi kadhaa, akirekebisha viti ambavyo havikuharibika, kisha akaondoka kwenda Kanda ya Ziwa kutafuta dhahabu. Hakuwa mtu wa barua. Msimu mzima wa kilimo ulipita bila habari, na Bibi akaanza kusikiliza matangazo ya vifo amesimama.

Ndipo dereva mmoja wa lori, rafiki wa zamani wa Mjomba, alipobisha hodi.

"Shikamoo Bibi. Shabani nimemwona huko machimboni. Kanituma nikwambie ufungue redio Jumapili. Katuma kadi."

"Marahaba, mwanangu. Ni mzima?"

"Alikuwa anakohoa kidogo. Lakini kasema atakwambia mwenyewe redioni."

Toka siku hiyo kipindi cha salamu kikawa kama ibada. Bibi alikaa karibu na redio, mkono juu ya kisanduku kana kwamba anampapasa mtoto mwenye homa. Yakisomwa majina ya Mwanza na Shinyanga alituinulia kidole, nasi tukaacha hata kutafuna. Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine. Mama Yohana alimfariji kila mara: "Kadi ni nyingi, mama. Yake iko chini ya rundo. Inapanda."

Jumamosi moja jioni Baba Yohana alianguka akiwa anajaza upepo gurudumu, na hakuamka tena.

Mnajua desturi yetu. Penye msiba, redio ya jirani inanyamaza mpaka maziko yapite na matanga yaanuliwe. Mtaa wetu ulizima zote. Jumapili ile uwanja ulijaa majamvi na masufuria makubwa, na kwaya tuliyoisikia ilikuwa ya waombolezaji wenyewe. Saa ya salamu ilipokaribia, mama yangu alimvuta Bibi pembeni, jikoni, nami nilikuwa pale nikichambua mchele.

"Mama, tufungue chumbani. Kwa sauti ndogo, mlango tukiufunga."

"Sauti ndogo nayo ni sauti."

"Basi tumtume mtoto mtaa wa pili akasikilize."

"Nyumba ina msiba, mimi nitume mtoto akafuate muziki? Hapo ukutani mwenzangu anamlilia mumewe, Halima. Huyu mumewe ndiye aliyekuwa anashinda hapa nasi kila Jumapili. Acha."

"Na ikiwa ni leo?"

Bibi alijifunga upya kanga yake. "Ikiwa ni leo, Mungu ataleta nyingine," akasema, akaenda kuketi kwenye jamvi, akakilaza kichwa cha Mama Yohana begani kwake. Saa nzima ya kipindi kile nilimwona amekaa hivyo, akitazama kivuli cha ukuta kikisogea.

Ilikuwa leo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya maziko, mama mwenye genge la mboga wa mtaa wa pili alikuja kutoa pole, na akiwa bado mlangoni akasema, "Bi Zuhura, jana mwanao kakusalimia! Kakutaja kabisa: Bi Zuhura wa Makole, Dodoma."

Bibi alimshika mikono yote miwili. "Kasema nini?"

"Kasema hajambo. Nadhani kasema hajambo. Watoto walikuwa wanalia, lakini jina nimelisikia."

Muuza nyama naye alikuwa amesikia, ila kwake Mjomba alisema atarudi kwa Idi. Fundi cherehani alishikilia kwamba salamu zilitoka Geita, wala hazikutaja kurudi. Zilisema mama asiwe na wasiwasi. Msiba ulipokwisha Bibi aliwarudia wote, mmoja mmoja, kwa subira, akiwauliza yale yale. Najua alijua kwamba sauti ile haikuwa ya mwanawe, ilikuwa ya mtangazaji. Hata hivyo aliuliza, "Alilitaja jina lake polepole, au haraka?"

Muuza nyama aliacha panga lake kwenye gogo, akamtazama.

"Polepole, Bibi. Tena alilirudia."

Sijui kama ilikuwa kweli. Bibi alishukuru, akarudi nyumbani, na jioni ile alikula.

Mama Yohana alipopata habari alikuja akiwa katika nguo zake nyeusi, akakaa chini sakafuni. "Mama, ungefungua tu. Mimi ningekasirika nini?"

"Usingekasirika. Ndiyo maana sikufungua," Bibi alimwambia, akamwekea uji.

Tuliendelea kusikiliza Jumapili zote zilizofuata. Hapakuja kadi nyingine. Dereva wa lori alimtafuta Mjomba machimboni, akaambiwa amehama, na hakuna aliyejua ni wapi. Bibi Zuhura alifariki akiwa bado anakaa karibu na redio saa ya salamu, hata baada ya stesheni mpya kuja na vijana wanaoongea bila kuvuta pumzi.

Siku hizi ninaishi Nzuguni, hapahapa Dodoma, na wanangu. Hakuna anayemsubiri mtu kwa wiki. Kaka yao mkubwa yuko Kahama, huwatumia ujumbe wa sauti, sauti yake mwenyewe, nao wanaweza kuurudia mara mia wakitaka. Hawaurudii. Binti yangu ana kitufe cha kuharakisha. Anabonyeza, na maneno ya kaka yake yanakimbizana kama kuku waliofunguliwa bandani. Kaka anasema wanawe hawajambo, anasema mvua, anasema tunaonana, na yote yamekwisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Simlaumu. Yeye hajawahi kukosa sauti ya mtu wake. Lakini anapobonyeza pale mkono wangu huinuka wenyewe kumzuia, kwa sababu mimi nilimwona mama mmoja akizunguka Makole nzima kuuliza kama jina la mwanawe lilitajwa polepole au haraka.