Walipanga Mazishi Yake, Naye Akisikia

Saa mbili asubuhi, wenye vibanda wa stendi ya Kawangware 56, jijini Nairobi, bado wanafungua makufuli. Katika saluni ya mabati iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Sabah Fadul ameshazigawa nywele za mteja wake wa kwanza. Ameketi kwenye stuli ndefu, kwa kuwa miguu yake haistahimili kusimama, na macho yake hayabanduki kwenye vidole vyake.

Wasusi wengi husuka huku wakitazama runinga. Sabah hawezi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havijarudiwa na hisia, na asipoviona hajui vimeshika nini.

"Nikifumba macho, mkono huu unaishia hapa," anasema, akionyesha katikati ya kiganja.

Mteja wake, Waceke, ambaye huuza mboga upande wa Kongo, mtaa wa hapo hapo Kawangware, hana haraka. Anajua kwamba rasta ambazo zamani zingemalizika kabla ya chakula cha mchana leo zitafika jioni.

"Acha achukue muda wake," anasema. "Huyu tulikuwa tumeanza kumchangia mazishi."

Anasema hivyo bila kupandisha sauti, kisha anainamisha kichwa asukwe.

Sabah, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni Mnubi, mzaliwa wa Makina, Kibera. Alijifunza kusuka kwa shangazi yake Fatna akiwa msichana mdogo, na amefanya kazi katika saluni hii ya Nyawira tangu kabla ya kuolewa. Mumewe, Anwar, ni fundi wa umeme. Wana binti mmoja, Zuhura, aliye darasa la tano.

Masaibu yake yalianza na jambo ambalo Kibera halimshtui mtu. Msimu wa mvua ndefu za mwaka juzi aliharisha kwa siku chache, kama walivyoharisha majirani wengi. Akapona, akarudi kazini.

Baada ya wiki moja na ushei, nyayo zikaanza kumwasha kama amekanyaga siafu. Alidhani ni uchovu wa kusimama. Alasiri hiyo kitana kilimponyoka mara kadhaa, mpaka Nyawira akamwambia aende nyumbani apumzike.

Kesho yake aliteremka kwenye stendi ya 56, akapiga hatua, na miguu ikakunjika. Alianguka mbele ya watu akiwa amevaa buibui lake. Alimsikia mwanamume mmoja akishangaa kwamba hata hawa wa buibui siku hizi wanalewa asubuhi.

"Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa ninaishangaa miguu yangu," anakumbuka. "Niliiambia iinuke. Ilikaa tu, kama miguu ya mtu mwingine."

Zahanati ya kwanza waliyofika ilimpa vitamini na dawa za maumivu. Jioni, mikono nayo ikalegea. Majirani walianza kunong'ona kuhusu majini, na mmoja akataja jina la mganga. Shangazi Fatna alimsomea dua akiwa ameketi kando ya kitanda, na alipomaliza akamtaka Anwar atafute gari.

"Dua nimeisoma," alimwambia. "Sasa mpeleke hospitali. Mungu hakukataza hospitali."

Katika hospitali kubwa waliyompeleka, Daktari Kiarie alimgonga chini ya magoti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu wa mtu mwenye afya huruka wenyewe ukigongwa hivyo. Wake haukutikisika. Akamwomba ahesabu kwa pumzi moja. Sabah alifika nne, pumzi ikakatika. Daktari hakusubiri tena. Aliita machela apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi.

Ugonjwa ulikuwa ule uitwao Guillain-Barré. Daktari aliwaeleza kwamba kinga ya mwili, ile iliyokuwa ikipigana na vijidudu vya tumbo, ilikuwa imekosea adui na kuigeukia mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hubeba amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, na kurudisha habari za joto, baridi na maumivu. Mingi kati yake imefunikwa kwa utando, na utando huo ndio uliokuwa ukiliwa.

Anwar alielewa haraka kuliko wote.

"Ni waya uliochunika ngozi," anasema. "Stima iko, taa ni nzima, lakini katikati moto unapotea. Nilimuuliza daktari kama waya umekatika. Akaniambia mwingi haujakatika, ngozi itaota tena, lakini polepole. Nilishika hilo neno."

Wengine hawakulishika. Walichokiona wao ni mwanamke asiyefungua macho, aliyetiwa mpira kooni, kifua kikipandishwa na kushushwa na mashine. Ugonjwa ulikuwa umepanda hadi usoni na kulaza hata kope. Daktari aliwaambia kwamba ubongo wake hauna dosari. Waliitikia kwa vichwa, kisha kadiri siku zilivyopita wakaacha kuamini.

Sabah alikuwa ndani, akili yake iko macho kabisa, akisikia kila kitu.

Alisikia magurudumu ya vitanda. Alimsikia mgonjwa wa kitanda jirani akifa. Alisikia mwasho puani usiokwisha, na hakuwa na kidole cha kuukuna. Na wakati wa kuwaona wagonjwa, alimsikia wifi yake Hadia, dada mkubwa wa Anwar, akizungumza juu ya kichwa chake.

Hadia alisema wanamtesa maiti. Alisema mashine izimwe, azikwe kwa heshima pale makaburini Kibera alipolala baba yake. Mjomba mmoja akauliza nani atamwosha. Wakapanga watakaomwosha. Kisha Hadia akasema Zuhura atahamia kwake, na Anwar akitulia atafutiwa mke, maana bado ni kijana.

"Nilipiga kelele," Sabah anasema. Mikono yake imesimama kwenye nywele za Waceke. "Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, na hakuna kilichotoka. Nilijiambia, kumbe ndivyo mtu anavyozikwa. Anajua, anasikia, na hawezi kusema ngojeni."

Anwar alikuwa nje, akizungumza na watu wa ofisi ya malipo kuhusu dawa ya sindano ambayo iliwalazimu kuuza vifaa vyake vya kazi na kuitisha harambee mbili. Hakuyasikia maneno hayo. Aliyeyasikia ni muuguzi, Kalondu, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akimsalimia Sabah kwa jina kabla ya kumgusa.

Kalondu aliona kitu. Kila jina la Zuhura lilipotajwa, namba ya mapigo ya moyo kwenye mashine ilipanda. Mara ya kwanza alidhani ni homa. Mara ya tatu aliiacha kazi aliyokuwa nayo mkononi.

Aliwaomba wanyamaze. Akaenda kando ya kitanda, akamwinua Sabah kope kwa kidole gumba, taratibu.

"Mama Zuhura," alimwambia. "Kama unanisikia, angalia juu."

Kwa muda hakikutokea kitu. Hadia alianza kulia kwa hasira, akisema wanachezewa. Ndipo mboni ya jicho ikasogea. Ilisogea kidogo sana, ikapanda, ikashuka. Kalondu akamwomba arudie. Ikapanda tena.

Mjomba alitoka chumbani bila kuaga. Hadia aliketi sakafuni na kushikilia mguu wa kitanda. Aliporudi Anwar alimkuta dada yake pale, na Kalondu bado ameshika kope, akimuuliza mgonjwa maswali ya ndiyo na hapana. Swali la kwanza ambalo Anwar mwenyewe aliuliza lilikuwa kama ana maumivu. Jicho likapanda.

Hadia hakatai kulizungumza jambo hilo.

"Tulimzika kwa mdomo," anasema. "Mpaka leo nikipita kitanda cha mgonjwa aliyelala, ninauchunga mdomo wangu. Aliporudi nyumbani nilimwosha mimi, kila siku, mpaka aliposhika kopo mwenyewe. Hakuniambia neno. Siku moja tu aliniambia maji ni ya moto. Nikalia, maana alikuwa ameanza kuusikia moto."

Mwili ulirudi kwa mpangilio ulio kinyume na ulivyoondoka: uso, pumzi, mikono, na miguu mwishoni. Mtaalamu wa mazoezi, Christine, alimfungia nyuzi tatu za sufu kwenye chuma cha kitanda na kumtaka asuke. Msusi aliyewahi kumaliza vichwa vitatu kwa siku alimaliza wiki nzima na kipande kisichozidi urefu wa kiganja. Christine alikipima, akakifungua, akamwambia aanze upya.

Aliporudi saluni alikuta Nyawira amemwekea kiti chake, ila wateja walimkwepa. Walidhani wataambukizwa. Nyawira alichoka kueleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, akaketi mwenyewe kwenye kiti na kumwambia Sabah amsuke mbele ya wote. Wa pili kuketi alikuwa Waceke.

Madaktari hawamwahidi kwamba vidole viwili vilivyobaki vitaamka. Yeye haulizi tena. Ana mpango mwingine.

Alipotolewa chumba cha mahututi, nywele zake zilikuwa zimejisokota kichwani hadi ikabidi zinyolewe. Hilo lilimliza kuliko sindano zote. Sasa amepata ruhusa ya kwenda wodini kila Jumapili kuwasuka wanawake waliolala kwa muda mrefu, bila malipo. Ataanza wiki hii. Kalondu ameshamchagulia wa kwanza, mama mmoja anayeitwa Wangoi, ambaye hajafungua macho tangu aletwe, na ambaye hakuna ajuaye kama anasikia.

Sabah ameshapanga atakavyofanya.

"Nitamsalimia kwanza, nimwambie jina langu," anasema. "Halafu nitamuuliza anataka matuta yaende mbele au nyuma."

Na asipojibu?

"Nitangoja kidogo," anasema Sabah. "Kisha nitamchagulia, na nitamwambia nimechagua nini."