Unga Chini ya Yungiyungi

Verlene Satterfield alikuwa mwanamke wa kanisa, kwa hiyo hakumshuku mtu bila sababu. Ila sababu alikuwa nazo tele, akiziotesha mwenyewe nyuma ya nyumba pamoja na mayungiyungi.

Alistaafu upishi wa shule, huko kusini mwa Alabama, akiwa na magoti mabovu na mikono isiyojua kukaa bure. Kwa mikono hiyo alitengeneza bustani ambayo watu wa chama cha mayungiyungi huitembelea kila Juni, wamevaa kofia pana, wakisifu kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu ya kipande atakachoomba akapande kwake.

Yungiyungi hili si lile la majini; ni la bustanini, ua lake huchanua alfajiri, na usiku ukifika limekwisha. Kesho yake ua hubaki likining'inia kama kitambaa kilicholowa. Ndiyo maana kila asubuhi Verlene hushuka na kandambili zake, kikombe cha kahawa mkono wa kushoto, akapita tuta kwa tuta akivunja maua ya jana: tak, tak, tak. Chama kizima hufanya hivyo. Mgeni kuyakuta maua ya jana bustanini kwako ni sawa na kukuta hujatandika kitanda.

Mwaka huo roho yake ilikuwa kwenye mmea mmoja, kando ya uzio wa jirani yake, Dewey Pruitt. Haukuwa na jina bado. Aliuotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu, ukamtolea maua ya zambarau iliyoikaribia bluu, rangi ambayo yungiyungi hilo halijawahi kumpa mtu, na ambayo wapenzi wake huifukuzia mpaka kaburini. Kisha mvua za Mei zikauozesha mmea. Likabaki chipukizi moja, bua moja na matumba machache. Mmea ulikuwa unakufa. Kama kuna kitu kingeokolewa, basi ni mbegu.

Kwa hiyo kila tumba lilipofunguka, Verlene alichukua kibano, akanyofoa kijiti chenye chavua kwenye ua la mmea mwingine, akaipaka kwenye ncha ya ule unyuzi mrefu wa katikati, kisha akafunga uzi mwekundu. Baada ya hapo ua huachwa linyauke na kudondoka lenyewe, maana ganda changa la mbegu limekaa pale pale kwenye kitako chake. Ukilivunja ua, umeondoka na ganda.

Ua la kwanza, kesho yake mchana, halikuwepo. Wala ganda. La pili, hivyo hivyo.

"Ni kulungu hao," alisema dada yake Ouida, aliyekuwa akiishi naye.

"Kulungu gani anachagua ua bovu akaacha matumba? Huyu ana vidole."

"Vidole vya nani?"

Verlene akaelekeza kidevu kwenye uzio.

Dewey Pruitt, mjane, alikuwa amezalisha na kusajili chamani aina nane mpya za mayungiyungi, zote kwa majina ya mbwa wake wa kuwindia. Tangu mmea ule uchanue alikuwa mpole kupita kiasi. Alileta nyanya. Mtu umekaa naye miaka yote hiyo hajakupa hata limau, leo nyanya!

"Labda anakupenda," alisema Ouida.

"Dewey anapenda mbwa na chavua za watu."

Ua la tatu lilipofungwa uzi, Verlene akanyunyiza unga wa ngano kuzunguka mmea. Kesho yake mchana ua halipo, na kwenye unga kuna nyayo: ndogo, za kandambili, kisigino cha kulia kimelika. Alizikagua kwa utulivu wa askari wa upelelezi. Mguu wa Dewey ni kama mtumbwi. Basi Dewey ametuma mwanamke. Akaitazama miguu ya dada yake.

"Usinitazame hivyo," alisema Ouida. "Mimi nimeazima miguu ya baba, mikubwa hivi, hata mama alisema."

Yalibaki matumba mawili. La kwanza likachanua, likapakwa chavua, likafungwa uzi. Asubuhi iliyofuata Verlene alisimama kando ya mmea na kahawa yake, analinda. Dewey akajitokeza upande wa pili.

"Habari za asubuhi, Bi Verlene. Unalinda benki?"

"Wezi wa benki nawajua."

"Nyanya zilikuwaje?"

"Tamu. Nusura zinisahaulishe."

"Zikusahaulishe nini?"

"Uzee wote huo, Dewey Pruitt, hujui kuomba? Na huyo mwanamke wako wa kandambili ni nani?"

"Mwanamke?" Dewey aligeuka kuangalia nyumba yake. "Kama yupo, nionyeshe na mimi."

"Usiniletee mzaha. Nani anavunja maua yangu?"

Dewey alikuwa anautazama mkono wa kulia wa Verlene.

"Bi Verlene," alisema polepole, kama anavyosema na mbwa aliyeshika kitu mdomoni, "usiusogeze huo mkono."

Verlene akainamisha macho. Kiganjani mwake lilikuwemo ua la jana, limelowa, lina uzi mwekundu, na chini yake kiganda cha kijani kama punje ya mchele. Hata kahawa haikumwagika. Chini, kandambili yake ya kulia ilikuwa imelika kisigino.

"Na juzi nilikuona," alisema Dewey. "Nikajua fundi ana sababu zake."

"Kumbe unanichungulia," alisema Verlene, kwa kuwa ilimbidi aseme kitu.

Tumba la mwisho lilipochanua, alipaka chavua, akamwita Dewey. Dewey akalifunika ua lile kwa mfuko wa wavu wa vitunguu, akaufunga kwa fundo la wawindaji ambalo Verlene hakulijua kulifungua. Kuanzia hapo, Verlene akipita tuta lile, mikono yake ilikaa mifukoni mwa aproni, na Ouida nyuma yake kama askari magereza.

Agosti ganda lilikauka, likapasuka. Dewey akafungua fundo. Mbegu zikamwagika kiganjani mwa Verlene, nyeusi, zinang'aa. Alizifumbata. Ndipo alipoona, upande wa pili wa uzio, bua lenye uzi wa manjano na ganda nene kuliko lake.

"Ganda lile ni la chavua ya nani, Dewey?"

Dewey akavua kofia, akaiangalia ndani.

"Ya jirani," alisema.

Verlene alizitia mbegu zake mfukoni mwa aproni.

"Ua likitoka bluu," alisema, "ole wako uliite jina la mbwa."